Usimkabidhi Kaka Kiberiti

Juzi usiku dada mmoja wa Sakina, Arusha, kaniandikia. Babu yao alikuwa mchungaji, wamemzika mwezi wa pili, na sasa nyumba inagawanywa. Kwenye stoo kuna magunia mawili ya makaratasi na kaka yake mkubwa ameshasema Jumapili yanachomwa. "Dada, nasikia wewe uliokoa ya babu yako. Nifanyeje?"

Nilicheka peke yangu jikoni. Niliokoa! Niliokoa nusu. Nusu nyingine niliitoa kwa mikono yangu miwili na mbebaji nikamsindikiza hadi barabarani.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mchungaji wa Kimethodisti. Ukisema hivyo hapa Moshi watu wanakuuliza hilo ni kanisa gani, maana huku mlimani usipokuwa Mlutheri basi wewe ni Mkatoliki na mjadala umeisha. Yeye alikuwa mtu wa Ribe, nyuma ya Mombasa, alikokulia kwenye misheni aliyoianza Thomas Wakefield mwaka 1862. Mama aliolewa huku, na bibi alipofariki babu akapanda basi akaja kukaa na binti yake Majengo. Mzigo wake ulikuwa begi moja la nguo na sanduku la bati. Sanduku liliingia chini ya kitanda, likakaa huko miaka kumi na moja. Sisi wajukuu tulikatazwa kuligusa na hatukuligusa, kwa sababu kufuli lake lilikuwa kubwa kuliko la duka la Mangi.

Jioni akishakunywa chai alipenda kutuambia kwamba kuna mchungaji wa Ribe aliyemtangulia kuja Moshi, tena kwa miguu. Huyo ni Charles New, Mwingereza, Mmethodisti, aliyefika pwani mwaka 1863. Mwaka 1871 alitembea hadi kwa Mangi Rindi, mtawala wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, akaomba kupanda mlima. Mara ya kwanza baridi ikawarudisha. Mara ya pili wenzake wakaishia njiani mmoja mmoja, akabaki yeye na mtu mmoja aitwaye Tofiki, na wawili hao wakaigusa theluji. Ile theluji mmisionari Mjerumani, Rebmann, alikuwa ameiona tangu 1848 na kuitangaza, na huko London walikuwepo mabwana waliosema anaota. New akachuma na mimea ya juu huko ikapelekwa Kew, bustani ya mimea ya London, na hadi leo kuna ua la mlimani lenye jina lake, Helichrysum newii. Safari yake ya pili kwa Rindi ilikuwa mbaya. Walikosana, akanyang'anywa mali, akafa njiani akirudi pwani Februari 1875. Alikuwa na miaka 35.

Babu alikuwa akifika hapo anatunyooshea kidole. "Tofiki mnamjuaje? Kwa sababu yule bwana alikuwa na daftari. Na Rindi alisema nini siku ile? Hamjui. Daftari lilikuwa upande mmoja."

Sikuelewa mpaka tulipomzika.

Siku ya tatu ya matanga mjomba alivuta sanduku hadi uani. Alikuwa na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Alisema makaratasi ya marehemu huenda na marehemu, na tena mle ndani kuna siri za watu wa kanisa, zisije zikatuletea maneno. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, sijaolewa, sina kauli kwenye kikao chochote cha ukoo. Nikaenda nikalikalia lile sanduku. Sikusema kitu, nilikaa tu kama mtu anayesubiri daladala. Mama mdogo akasema nina pepo. Shangazi wa upande wa baba, ambaye hata hayakumhusu, akanong'ona kwamba natafuta hati ya shamba la Ribe nikaliuze. Nilikaa hadi mafuta yakarudi jikoni.

Mjomba hakuitikia shikamoo yangu kwa miaka miwili. Miwili! Nilikuwa namwamkia mbele za watu anageukia ukuta. Bado linaniuma, sitadanganya, ingawa sasa amezeeka na huniuliza kama "yale madaftari ya baba" yako salama.

Hati ya shamba haikuwemo. Kulikuwa na madaftari kumi na manne, orodha za ubatizo, barua zilizofungwa kwa kamba ya katani, na ratiba za wahubiri za kila robo mwaka, zile ambazo Wamethodisti hupanga nani atahubiri kanisa gani Jumapili ipi. Nilizidharau hizo ratiba, zimejaa majina na tarehe. Baadaye ndizo zilizonionyesha babu alikuwa wapi kila Jumapili kwa miaka mingi, na ni nani walikuwa wakihubiri kijijini wakati mchungaji mmoja ana makanisa tisa: wakulima, mwalimu, fundi cherehani. Majina yao hayamo kwenye vibao vya marumaru. Na kwenye daftari moja babu kaandika: "Leo nimehubiri vibaya. Watatu walilala, na mimi nilikuwa karibu kuwa wa nne." Mtu niliyedhani amezaliwa na kola shingoni!

Sasa kosa langu. Alikuja kijana msomi, mpole, ameleta soda na biskuti, anaandika kuhusu historia ya makanisa. Akaomba madaftari saba kwa wiki mbili. Nilijisikia mkubwa. Mtu wa chuo amekuja kwangu! Sikuandikishana naye, sikupiga picha hata ukurasa mmoja. Ni miaka tisa sasa. Simu yake ilianza kwa kutopokelewa, ikaisha kwa kutopatikana. Kwenye hayo saba ndimo babu alimoandika habari za kuja Moshi.

Kwa hiyo dada yangu wa Sakina, usiazimishe. Anayetaka kusoma aje asome mezani kwako, mpe chai. Piga picha za simu kabla ya mtu yeyote kujua unacho nini, karibu na dirisha lakini nje ya jua, ukurasa kwa ukurasa, na yale yanayochosha pia. Usipeleke stesheneri wakayavike plastiki ya moto, haivuliki tena. Usigundishe selotepu. Toa pini na klipu zenye kutu. Andika kwa penseli kwenye bahasha, si kwenye karatasi yenyewe: nani, wapi, lini. Usiweke sakafuni, mchwa hawajali kama ni mahubiri, na wala darini chini ya bati. Na usiazimishe. Nimeshasema? Nasema tena.

Ukitaka yakae mahali pakubwa kuliko kabati lako, kanisa la babu yako au maktaba ya chuo yanaweza kuyapokea, lakini wasaini, na wewe ubaki na nakala. Wamisionari walijua hili zamani. Nyaraka za wamisionari wa Kimethodisti wa Uingereza ziko kwenye chuo cha SOAS, London. Za wale Walutheri wa Leipzig waliokuja huku mlimani tangu 1893 ziko Halle, Ujerumani. Wao wana upande wao umepangwa kwenye masanduku. Sisi tunachangishana mamilioni kwa kaburi la vigae, tunakodi turubai na spika, tunachapa fulana zenye sura ya marehemu, halafu maneno aliyoyaandika kwa mkono wake yanafungia maandazi. Kisha tunalalamika kwamba historia yetu imeandikwa na wageni! Tuache hayo, nisije nikapanda mimbarani.

Kuhusu kaka yako: atanuna. Mwache anune. Watasema unatafuta hati. Fungua magunia mbele yao wote, kila karatasi ya shamba au benki ikitokea mpe yeye hapo hapo, ahesabu mbele ya mashahidi. Mimi sikufanya hivyo, na miaka ile miwili ilikuwa ndiyo bei yake.

Jumamosi napanda Kosta ya saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu nitakuwa hapo. Nitakuja na bahasha za kaki na penseli. Wewe tafuta meza, na hicho kiberiti kitie mfukoni mwako.