Landilodi kageuza fleti zetu Airbnb, anaweza kunitoa kwa wiki mbili?

Swali: Asalaam aleikum wakili. Napanga Kyaliwajjala, vyumba viwili, ghorofa letu lina fleti nane. Tangu mwaka jana mwenye nyumba ametoa familia tano moja baada ya nyingine, akaingiza makochi mapya na sasa wanalala wageni wa Airbnb, wale wanaokodi kwa usiku kupitia mtandao. Wikendi ni kelele mpaka alfajiri na tenki la maji linakauka Jumamosi mchana. Juzi kaniambia kodi inatoka laki nane kwenda milioni moja na laki mbili, la sivyo nihame ndani ya wiki mbili. Nimekaa miaka sita, watoto wanasoma hapo karibu. Kwani Uganda hakuna sheria ya hizi Airbnb? – Mama Shamim

Jibu: Waaleikum salaam Mama Shamim, pole sana. Usihame, usisaini karatasi yoyote, na kodi yako ile ile ya laki nane endelea kuilipa siku yake bila kuchelewa, kwa benki au kwa simu, si kwa mkono, maana ukidaiwa hata mwezi mmoja utakuwa umempa sababu ambayo leo hana. Akikataa kupokea, tunza ujumbe unaoonyesha ulijaribu.

Tuanze na hiyo kodi. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 hairuhusu kupandisha zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, yaani kwa laki nane nyongeza ni elfu themanini, mwisho 880,000. Yeye kakupandishia asilimia 50. Na hizo wiki mbili hazimo kwenye sheria, anayelipa mwezi kwa mwezi anapewa notisi ya siku 30, wa mwaka kwa mwaka siku 60, na hata notisi ikiisha ukiwa bado ndani hawezi kukutoa bila amri ya mahakama. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, si amri ya mahakama, na afande kusimama mlangoni na landilodi pia si amri ya mahakama, watu wengi wanahama usiku kwa kuogopa yunifomu tu.

Una mkataba? Nauliza kwa sababu upangaji wa kuanzia 500,000 sheria inataka uwe kwa maandishi. Kama hamkuandikiana, usifute hata meseji moja ya WhatsApp kati yenu, zile za "nimepokea ya mwezi wa tatu", maana sheria hiyo inakubali na maandishi ya simu.

Sasa nisikudanganye. Sheria inamfunga namna ya kukutoa, haimlazimishi kukaa na wewe milele, akifuata notisi sawasawa nyumba ni yake. Na ile asilimia 10 inakulinda wewe uliye ndani, fleti ikishakuwa tupu anaikodisha kwa usiku kwa bei anayotaka. Tuseme usiku mmoja ni 120,000, usiku saba tu zimeshapita kodi yako ya mwezi mzima! Ndiyo maana familia tano zimetoka. Hili linaniuma kweli, maana Kira yote, manispaa yenu hapo pembeni ya Kampala, ilijaa watu waliokimbia kodi za Kampala na sasa wanasukumwa mbele tena, na mtoto anabadilishwa shule katikati ya muhula.

Kuhusu sheria ya Airbnb, ile moja ya jina hilo hatuna. New York wanayo, tangu Septemba 2023 mgeni wa chini ya siku 30 anapokelewa tu kama mwenyeji amejiandikisha na anaishi humo humo, na wageni wasizidi wawili. Barcelona walitangaza 2024 kwamba leseni za fleti za watalii, zaidi ya elfu kumi, hawatazihuisha zikiisha 2028. Sisi tuna vipande vipande, lakini vipande hivyo vina meno. Nyumba ya kulaza wageni inatakiwa leseni ya Uganda Tourism Board kwa sheria ya utalii ya 2008, leseni ya biashara, na ushuru wa hoteli wa serikali za mitaa unaohesabiwa kwa kila chumba kwa kila usiku. Hata VAT, kodi ya familia inayokaa imesamehewa, ya wageni wa siku mbili tatu haijasamehewa.

Kinachouma zaidi ni sheria ya mipango ya 2010. Ghorofa lenu bila shaka lilipitishwa kama makazi, na kuligeuza biashara ya kulaza wageni kunahitaji kibali cha kubadilisha matumizi. Basi nenda Kira Municipal Council, ofisi ya mipango, na barua yenye swali moja tu: je, kiwanja hiki kimeombewa kubadilisha matumizi? Wakugongee muhuri kwenye nakala yako.

Ushahidi uko getini. Kesi moja niliyosimamia ilibebwa na kauntabuku ya askari, ilichakaa imefungwa kamba ya viatu, kila mstari una tarehe, namba ya gari, "fleti 4, usiku 2", wiki baada ya wiki, wageni tofauti mlango ule ule. Wewe chukua tangazo lenyewe kwenye simu, piga picha kile kisanduku cha funguo chenye namba mlangoni, andika saa za kelele na siku tenki lilipokauka. Majina na vitambulisho vya wageni usiviguse, kuna sheria ya data binafsi ya 2019.

Kwa mliouziwa fleti zenye hati ya kondominiamu, yaani kila fleti na hati yake, nyinyi njia yenu ni nyingine, kanuni za shirika la wenye fleti, kwa hiyo hudhurieni mikutano.

Mama Shamim, mmebaki familia tatu, andikeni pamoja. Wewe kwenye barua yako sema unakubali 880,000 na unaomba notisi yoyote ije kwa maandishi, mpelekee ukiwa na shahidi. Akibadilisha kufuli au akikata maji kabla hajajibu, nipigie siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.