Maswali yenu: Sizoni ya mapepo imenichosha, nikaze au niache?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi niko Mwanga hapa Kigoma, nafuatilia Supernatural, ile ya wale ndugu wawili Sam na Dean wanazunguka Marekani na gari lao jeusi wanawinda mapepo. Jamaa wa muvi aliniwekea kwenye flashi, mwanzoni nilikuwa silali, umeme ukikatika naogopa hata kwenda chooni. Sahivi niko sizoni ya 8 na sisikii kitu, naangalia huku nachati. Kaka yangu anasema nikaze tu mbele inanoga. Nifanyeje? Inaniuma mana niliipenda sana.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Acha, na wala usijilaumu. Eric Kripke aliyeitunga alikuwa na stori ya sizoni 5, ya tano ikaisha 2010 na yeye akaachia usukani, ila wenzake wakaendelea nayo mpaka 2020, sizoni 15, episodi 327. Kwa hiyo ile stori iliyoanza na mama yao kuungulia darini umeshaimaliza, hujaacha kitu njiani.

Ila mimi siamini kama ni urefu ndo umekuchosha. Kumbuka sizoni ya kwanza, kila episodi na mji wake na kitu chake, yule mwanamke wa nguo nyeupe anayesimamisha magari usiku, Bloody Mary wa kwenye kioo, hizo ni stori Wamarekani wenyewe wanatishana nazo toka utotoni. Hata sisi huku mtu akisema jini limeonekana cha kwanza unauliza wapi, Ujiji kwenye miembe au Kibirizi kwenye mitumbwi, ukishapajua mahali ndo woga unakuingia. Sasa baadaye mapepo yakawa na mfalme wao na mambo ya madaraka, malaika nao wakaja na vita vyao, ile miji midogo na watu wake ikasogezwa pembeni. Halafu wale ndugu wakifa wanarudi! Mara ya kwanza unalia kabisa, huko mbele mtu anakufa na wewe umekaa tu unasubiri arudi. Na Lusifa mwenyewe walishamalizana naye sizoni ya 5, pepo wa sizoni ya 8 atakutisha na nini?

Kaka yako naye ana pointi yake, mbele kuna episodi mojamoja tamu sana. Mwambie akuite akifika sizoni ya 11 episodi ya 4, inaitwa Baby, yote imepigwa kutokea ndani ya lile gari lao, Impala ya 1967, na mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo, mambo yamerudi kuwa madogo na ya karibu. Iangalie hiyo, huna haja ya kupitia zote za katikati.

Na ukienda tena kwa jamaa wa muvi, kabla hujalipia muulize hiyo anayokupa ina sizoni ngapi na kama imeshaisha.