Hifadhidata ya kukodi: kazi zinazobaki kwako

Anayeanza kazi ya kusimamia hifadhidata huambiwa kwamba ukikodi hifadhidata kwenye wingu umemalizana na usimamizi. Kuna ukweli ndani yake. Tangu Amazon waanzishe RDS, huduma yao ya kukodisha hifadhidata, mwaka 2009, wakianza na programu ya hifadhidata iitwayo MySQL, kufunga programu, kubadilisha diski iliyokufa na kuweka viraka vya usalama si kazi yetu tena, na mimi sizililii kazi hizo. Lakini mtoa huduma hajui jedwali lipi ni la mishahara na lipi ni la majaribio, wala hajui kwamba kila mwisho wa mwezi mfumo wenu unaelemewa. Hayo unayajua wewe, na ukilala yatakuamsha wewe.

Bekapu, yaani nakala za akiba za data, kwanza, na hapa tukae kidogo. RDS inaweza kutunza bekapu za kujiendesha hadi siku 35, na ndani ya muda huo unaweza kuirudisha hifadhidata ilivyokuwa dakika unayoitaka, mpaka kama dakika tano zilizopita. Inapendeza kuisoma. Ila hairudishi juu ya seva ile ile: inakutengenezea seva mpya yenye anwani mpya, na programu yako haina habari nayo. Nani ataibadilisha hiyo anwani, na imeandikwa kwenye mafaili mangapi? Seva mpya imepata ruhusa za mtandao kama za ile ya zamani? Inachukua muda gani mpaka ianze kupokea wateja? Majibu utayapata kwa kuirudisha kweli, siku ambayo hakuna dharura. Shika saa, hesabu rekodi, andika kila hatua, na robo mwaka ikipita rudia. Bosi atakwambia hakuna muda. Mwulize mfumo uzimike kwa saa ngapi ndipo muda upatikane.

Yaliyowakuta GitLab, kampuni inayotunza msimbo wa waandishi wa programu, tarehe 31 Januari 2017 waliyaeleza wenyewe hadharani, na nadhani yanafaa kuliko kozi nyingi. Hifadhidata yao, ya aina ya PostgreSQL, walikuwa wanaiendesha wenyewe, hawakuikodi kama huduma. Mhandisi alifuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Walipozikimbilia bekapu, zile za pg_dump, chombo cha PostgreSQL cha kutoa nakala ya data, hazikuwepo: chombo kilichokuwa kinatumika kilikuwa toleo la 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo kilikuwa kinashindwa kila mara. Barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinatumwa, ila zilikataliwa njiani na hakuna aliyeziona. Kilichowaokoa ni picha ya diski (snapshot), yaani nakala ya diski nzima ilivyokuwa wakati huo, iliyokuwa imepigwa kama saa sita kabla, kwa ajili ya seva ya majaribio. Kwa hiyo usitegemee ujumbe wa kushindwa peke yake. Taka na ujumbe wa kufaulu, na siku usipofika, uliza.

Seva ya akiba nayo si bekapu. Ipo ili seva kuu ikifa, ile iliyoko kituo kingine ishike kazi, kwa kawaida ndani ya dakika moja au mbili. Ukituma DELETE bila WHERE, yaani amri ya kufuta isiyosema rekodi zipi, ikafuta jedwali zima, kosa lako linafika huko papo hapo, kwa uaminifu kabisa. Na ukiifuta seva yako ya RDS yenyewe, bekapu zake za kujiendesha hufutwa pamoja nayo usipochagua zibaki. Washa kinga dhidi ya kufutwa leo hii, haina gharama.

Miunganisho: PostgreSQL hutenga mchakato mzima kwa kila muunganisho, na kikomo chake cha kawaida ni 100. Weka PgBouncer, programu inayowagawia watumiaji wengi miunganisho michache, au kitu cha aina hiyo katikati kabla hujaanza kununua seva kubwa zaidi.

Sasa umbali, jambo ambalo sisi wa Dar es Salaam na Nairobi hatuwezi kulikwepa. Microsoft walifungua kanda, yaani eneo lenye vituo vyao vya data, Johannesburg mwaka 2019, Amazon Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Hata hivyo mwanga ndani ya nyaya hutumia kama milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000, kwenda tu. Tuseme programu yako iko ofisini mjini na hifadhidata iko ng'ambo, kwenda na kurudi milisekunde 100. Ukurasa unaouliza maswali 60, moja baada ya jingine, unachukua sekunde sita, halafu watu wanailaumu hifadhidata. Weka programu na hifadhidata kanda moja. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya ukanda wetu ilidorora. Mfumo wenye programu huku na hifadhidata ng'ambo ungeumia kwa kila swali. Na kabla ya kuchagua kanda muone mwanasheria: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinagusa kupeleka taarifa za watu nje ya nchi.

Saa za matengenezo kwenye RDS hupangwa kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Anayetaka saa tisa usiku akaandika 03:00, amejiwekea saa kumi na mbili asubuhi, watu wakiwa wanafungua maduka. Aandike 00:00. Asipochagua kabisa, atachaguliwa.

Ruhusa: programu isitumie akaunti kuu, na hifadhidata isiachwe wazi kwa intaneti nzima eti kwa sababu mwenzako anafanyia kazi nyumbani. Sina la kuongeza hapo.

Imebaki bili. Seva ya RDS uliyoisimamisha huwashwa tena yenyewe baada ya siku saba, na hata ikiwa imelala diski yake inalipiwa. Wengi huigundua tabia hii kwenye ankara ya mwezi unaofuata. Kama ni ya majaribio na hutaigusa karibuni, ipige picha, ifute, utaifufua kutoka kwenye picha ukiihitaji. Picha nazo hulipiwa, kwa hiyo ipe kila moja jina lenye tarehe na mwenyewe, la sivyo baada ya mwaka mtakuwa nazo lukuki na hakuna atakayethubutu kuzifuta.