Klachi Isiyokata: Pima Kabla ya Kushika Tupa

Wiki hii nimechagua maswali yanayohusu klachi za mbio, hasa zisizokata, yaani zisizoitenga injini na gia boksi pedali inapokanyagwa, kwa sababu vyuma vingi vizuri vinaharibiwa kwa tupa na grainda kabla ya mtu yeyote kuuliza kinachokwama ni nini.

Subaru Impreza yangu imefungwa klachi ya mbio yenye diski ya vipande vya madini. Sasa rivasi inalia kila ninapoiingiza, na fundi anataka kupiga tupa meno ya kitovu cha diski ili iteleze. Nimruhusu? (Msomaji, Nakuru)

Usimruhusu bado. Washa injini, kanyaga pedali hadi mwisho, subiri sekunde chache, kisha uingize rivasi. Ikilia, shafti ya gia bado inazungushwa. Sasa kanyaga pedali mara kadhaa kwa haraka na ujaribu tena. Kelele ikipungua, shida huenda ni hewa au uvujaji katika selinda za klachi, wala diski haina hatia. Springi ya presha pleti (bamba linaloibana diski) ya mbio ni ngumu kuliko ile ya kawaida, hivyo selinda iliyochakaa ambayo iliimudu klachi ya zamani inaweza kushindwa na hii mpya. Beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini linalobanwa na diski, nayo ikikwama, huivuta shafti hata diski ikiwa imeachiwa kabisa.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo gia boksi ishushwe. Diski ivalishwe kwenye shafti kwa mkono. Inapaswa kuteleza kwa kusukumwa na kidole, bila kukwama na bila kuchezacheza. Ikikwama, fundi apake meno wino, aisukume diski mbele na nyuma, kisha aangalie wino umekwanguka wapi. Hapo ndipo penye kinundu, na hicho peke yake ndicho kinachoondolewa, kwa tupa ndogo laini inayofuata urefu wa jino, kisha msasa laini, kisha kuosha chembe zote za chuma. Kuta za jino zisikwanguliwe, kwa maana ndizo zinazobeba nguvu yote ya injini, na nafasi ikishapanuka hairudi. Diski isipoteleza hata baada ya hapo, meno yake si ya gari hilo au kitovu kimepinda, irudishe dukani.

Muulize pia fundi wako kama wakati wa kufunga aliiacha gia boksi ining'inie kwenye diski. Uzito huo hupinda kitovu, na diski iliyopinda haikati hata ikisuguliwa mwaka mzima.

Nikipaka grisi nyingi kwenye meno ya shafti, si diski itateleza vizuri zaidi? (Kondele, Kisumu)

Itateleza upande usiotakiwa. Paka utando mwembamba wa grisi inayostahimili joto, ingiza diski, itoe, kisha ufute yote iliyosukumwa nje. Grisi inayobaki hurushwa na mzunguko hadi kwenye uso wa diski, na klachi huanza kuteleza kwenye mlima wa kwanza. Kama mtengenezaji wa klachi yako ameagiza meno yabaki makavu, mtii.

Je, flaiwili inaweza kulainishwa kwa grainda yenye msasa?

Hapana. Swali hili linaletwa kila mara, na kila mara aliyeuliza anatafuta ruhusa ya kukwepa gharama ya karakana ya kukereza vyuma. Grainda ya mkononi huacha mabonde ambayo jicho halioni lakini diski inayahisi. Flaiwili husawazishwa kwa mashine, na yenye ngazi, yaani ambayo uso wa diski na uso wa kufungia presha pleti havilingani kwa kimo, hukatwa nyuso hizo zote mbili ili kina cha ngazi kibaki kile kile. Ikiwa na nyufa za kina, itupwe. Flaiwili inayopasuka kwa kasi inaweza kupenya sakafu ya gari na kufikia miguu ya dereva.

Gari letu la mashindano lina klachi ya diski mbili. Baada ya kukimbia kwenye vumbi, gia zinaingia kwa shida. Tulainishe wapi? (Naivasha)

Hapa ndipo kulainisha kuna maana kamili. Klachi ya diski moja ina nyuso mbili za kuachana. Yenu ina nne, na mwendo ule ule mdogo wa presha pleti unagawanywa kati yake. Kwa hiyo kinundu ambacho diski moja ingekivumilia kinatosha kuifunga klachi yenu.

Tazameni pleti ya katikati na nguzo zinazoiongoza. Kila dereva anapoongeza na kupunguza mafuta, pleti hugonga nguzo hizo na kuchimba vijibonde, ambavyo kingo zake huinuka na kuizuia isirudi nyuma. Vumbi laini la Naivasha, ambalo kila mpenzi wa mbio amelishuhudia tangu Safari Rally irejee kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, husaga sehemu hizo kwa haraka zaidi. Ondoeni ukingo ulioinuka tu, laza kona kali kidogo, kisha pimeni nafasi kati ya pleti na kila nguzo kwa geji. Msifukuzie kijibonde hadi kiishe: mtaipanua nafasi, pleti itagonga kwa nguvu zaidi, na mtarudi palepale. Nafasi ikizidi kipimo cha mtengenezaji, nunueni spea. Wekeni alama kabla ya kufungua, ili kila kipande kirudi mahali pake na mizani isivurugike. Nguzo zibaki kavu, kwani grisi hushika vumbi na kugeuka msasa.

Presha pleti iking'arishwa kama kioo, klachi itakata vizuri?

Hapana, osha tu mafuta ya kiwandani na uiache.

Gari lilikaa nje msimu wote wa mvua. Sasa pedali inashuka lakini klachi haikati kabisa. (Kisumu)

Unyevu wa ziwa umetia kutu na kuigandisha diski kwenye flaiwili. Fundi akiifungua, aondoe kutu kwa msasa laini pande zote kwa usawa, akague meno ya shafti, na afunge bolti za presha pleti kwa zamu, kidogo kidogo na kwa mkingamo, kwa sababu kifuniko kinachovutwa upande mmoja hupinda. Vumbi la humo asilipulize kwa hewa ya kompresa. Diski za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu. Alifute kwa kitambaa chenye maji, huku amevaa barakoa.