Balbu zangu zinang'aa kupita kiasi kisha zinaungua. Za jirani zimefifia. Kwa nini?

Swali: Fundi, naishi kwenye ploti kubwa ya kupangisha Manyatta, Kisumu. Tangu ule upepo mkali wa juzi, balbu zangu zinawaka hadi macho yanauma, kisha zinaungua. Jirani wa mlango wa tatu analia kwamba zake zimefifia kama mshumaa. Ya mwisho niliyonunua ilikuwa ya LED, nayo ikapasuka "pu!" na kutoa moshi. Breka haijaanguka hata mara moja. Je, nauziwa balbu feki ama stima imezidi? – Mpangaji, Manyatta

Jibu: Stima imezidi kwako, dada, kwa sababu imepungua kwa jirani. Balbu feki zimejaa madukani, sikatai, lakini balbu feki kwako haiwezi kufifisha taa ya mlango wa tatu. Nashuku nyutro, yaani waya wa kurudishia stima, imekatika au imelegea, ama huko kwenye nguzo ama kwenye bodi ya ploti. Kwa hivyo kabla hujaendelea kusoma, zima meini swichi, chomoa friji na runinga, halafu rudi.

Ploti kubwa aghalabu huingiziwa fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye moto, vyumba vikagawanywa: hivi fezi ya kwanza, vile ya pili, na vingine ya tatu. Kati ya fezi moja na nyutro kuna volti 240. Kati ya fezi na fezi kuna 415. Nyutro ndiyo inayomhakikishia kila mpangaji 240 zake hata kama mwenzake anatumia stima nyingi kuliko yeye. Ikikatika, stima haipotei. Inatoka kwenye fezi yako, inapita kwenye vyombo vyako, inaingia vya jirani na kurudi kupitia fezi yake. Sasa mnagawana zile 415, na mgao hauna haki: mwenye mzigo mdogo ndiye anayebebeshwa volti nyingi.

Tuiweke kando fezi ya tatu ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme jirani amewasha jagi la umeme la wati 2000, nawe una taa na vitu vidogo vya jumla ya wati 200. Jirani anabaki na takriban volti 38, wewe unapata kama 377. Maji yake hayachemki, na balbu zako ziko taabani. Akizima jagi, mgao unabadilika papo hapo. Chunguza kumbukumbu yako: mwanga wako ulikuwa ukiruka juu wenzako wanapowasha vitu vizito, hasa jioni watu wakipika? Kama ndivyo, sina shaka tena.

Balbu ya kizamani, ile ya waya ndani, hufa hivi. Waya wake ni tangsteni, na kwa kawaida hufanya kazi kwenye joto la takriban nyuzi 2500 za Selsiasi. Ukiizidishia volti kwa asilimia 10 tu, yaani ifike 264, mwanga unaongezeka kwa zaidi ya theluthi, ila umri wa balbu unashuka hadi kama theluthi au robo ya ule wa kawaida. Mara nyingi waya haufiki kuyeyuka, maana tangsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3422. Unavukiza. Chembe zake zinatoka na kuganda kwenye kioo, ndio ule weusi unaouona kwenye balbu iliyochoka. Pale waya ulipokonda joto linazidi, joto likizidi unakonda tena, mpaka unakatika. Kwa volti 377 usihesabu miezi. Hesabu saa, pengine dakika. (Na balbu ya volti 120 iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani usiijaribu huku kabisa: itatoa mwako mmoja na kwisha, na kioo kinaweza kukurukia.)

LED ni kesi nyingine. Shingoni mwake mna sakiti ndogo, draiva, inayoisawazishia stima. Draiva nzuri nyingi zimeandikwa volti 85 hadi 265, na ndani ya kiwango hicho mwanga haubadiliki. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu taa haikupi onyo lolote. Ndani yake mna kapasita, kikopo kidogo cha kuhifadhi chaji, mara nyingi ya volti 400. Stima hupanda na kushuka, na ile ya 240 ina kilele cha kama volti 339, kwa hivyo kapasita inaihimili. Ya 377 ina kilele cha takriban 533. Kapasita inafura na kupasuka. Hiyo ndiyo "pu!" yako.

Kuhusu breka, usiilaumu. Breka ya kawaida hupima ampea, haijui volti. Hata ile ekstensheni ya kuzuia radi imeundwa kwa mshtuko wa kufumba na kufumbua; ikikaa kwenye volti 377 huenda ikaungua yenyewe.

Sasa mwambie keateka leo hii. Mkipiga simu kwa kampuni ya stima, msiseme "taa zinasumbua". Semeni nyutro imekatika na vyombo vinaungua, wajue ni dharura. Mtu yeyote wa ploti asipande nguzo.

Ndani ya ploti itafutieni fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Apime kila fezi na nyutro huku mizigo ikiwa imewashwa, maana bila mzigo nyutro iliyolegea yaweza kuonekana nzima. Akaze skrubu za baa ya nyutro, na aangalie viungo vya shaba na alumini, ambavyo huliwa na kutu ya unyevu. Akikuta fyuzi kwenye nyutro, aitoe: ploti za zamani bado zinazo, na ikikatika huleta balaa hili hili. Akipendekeza nyutro iungwe na ethi ya nyumba, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, ili "ishike", mkatalieni. Nondo ya ethi haiwezi kubeba stima ya ploti nzima, na mabati na mifereji ya chuma inaweza kuanza kupiga watu shoti.

Mwambie pia jirani asijione ana afueni. Mota ya friji ikipata volti kidogo hushindwa kuzunguka, hupata moto na kuungua. Mkisharekebishiwa, nyote wawili nunueni kile kifaa cha kulinda friji kinachokata stima volti zikizidi au zikipungua. Na wewe usinunue balbu nyingine mpaka mita ya fundi isome karibu 240 ukiwa umesimama hapo.