Boksi la feni, chelewa, na bibi aliyehama usiku

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kimara aliniandikia. Ana mtoto wa kiume wa miaka mitano, na likizo ya Juni ilikuwa imemchosha: katuni asubuhi, katuni mchana, simu ya baba yake jioni. Akaamua, kama tunavyoamua wote, kwamba safari hii watatengeneza vitu kwa mikono. Akapanda daladala mpaka Kariakoo, akarudi na manila za kila rangi, gundi ya kumetameta, mikasi ya kitoto na macho ya plastiki ya kubandika. Sh30,000 na ushee. Mtoto akabandika macho mawili ukutani, moja kwenye paji la uso la mdogo wake, kisha akauliza simu iko wapi. "Kaka, wa kwako huwa wanatulia vipi? Mimi nimekosea wapi?"

Dada yangu, wa kwangu hawatulii. Hilo tulimalize mapema. Ila la wapi umekosea nina haki ya kulijibu, maana mimi nimekosea pakubwa kuliko wewe, na sikutumia hata shilingi.

Mwaka juzi binti yangu alikuwa chekechea. Wakaagizwa kila mmoja aende na kitu alichotengeneza nyumbani, kwa ajili ya siku ya wazazi. Yeye akatengeneza gari: boksi la dawa ya meno na vifuniko vinne vya chupa za maji, basi. Alilibeba njia nzima kama amebeba mayai. Nilipofika saa nne nikalikuta chini ya meza. Juu ya meza kulikuwa na jahazi la mbao lenye tanga, limepigwa vanishi, na kikapu cha ukili ambacho hata mimi nisingeweza kukisuka. Aliyekileta ana miaka minne. Mwalimu akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba meza ilijaa. Nikatabasamu. Ile "meza ilijaa" bado ninayo kifuani, na kama mwalimu anasoma hapa basi ajue hivyo.

Wa rika langu mtanicheka, maana sisi wenyewe tulikuwa hivyohivyo. Somo la stadi za kazi, mwalimu anataka fagio, mkeka au mpini wa jembe. Fagio langu nililinunua kwa mama mmoja sokoni, nikalivuruga kidogo lionekane la mtoto, nikapewa alama zangu. Sina ubavu wa kumnyooshea mtu kidole. Lakini lilipokuwa gari la mwanangu chini ya meza, hayo yote niliyasahau.

Mwaka jana zamu ikarudi. Safari hii walitaka nyumba ya asili. Nikampeleka Kijiji cha Makumbusho, pale Kijitonyama. Tembe la Wagogo akalipita bila kugeuka, akaganda mbele ya msonge wa Wahaya. Kama hujauona, paa lake linashuka mpaka chini. Kwa mbali unadhani ni rundo la nyasi lenye mlango. Akasema anataka hiyo.

Mangi wetu wa dukani alitupatia boksi la feni. (Msalimie Mangi wako vizuri hata siku ambayo hununui kitu. Maboksi yana wenyewe.) Tukakata duara kwa kuzungushia sahani ya wali, tukachomoa chelewa kwenye fagio la mama yao bila kuomba, tukazichomeka kuzunguka duara na kuzifunga juu kwa uzi. Mpaka hapo nilikuwa baba mzuri. Kisha zikaja nyasi. Kuezeka huanzia chini, safu ya juu inailalia ya chini yake, ndiyo maana maji ya mvua yanateleza. Yeye akaanzia juu. Nikamwambia. Akajibu kwamba ya kwake inaanzia juu. Gundi ikachuruzika, nyasi zikasimama kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla, nyumba nzima ikalalia kushoto. Mlangoni akaandika BIBI, B ya kwanza imegeukia nyuma, akaenda kulala ameridhika.

Sikukusudia kuibomoa. Nilianza na unyasi mmoja tu, ulikuwa umechomoza vibaya. Ukatoka na wenzake watatu. Nikasema nitawarudisha, lakini sasa nikiwarudisha si niwapange sawasawa? Saa nane usiku nilikuwa nimemaliza: nyumba imesimama wima, nyasi safu kwa safu, mlango una upinde. Ya kwake ilikuwa ndani ya kiroba cha taka. Mama watoto alitoka kunywa maji, akaniangalia pale sakafuni na nyasi mdomoni, akarudi kulala bila neno.

Asubuhi binti aliizunguka ile nyumba mara moja, akaniuliza kama bibi amehama.

Na kweli, ilikaa juu ya meza. Mbele kabisa, karibu na keki. Nilipiga picha 14. Juzi nilizitazama tena nikagundua zote ni za nyumba. Binti yumo kwenye moja, sikio na utepe wa nywele.

Malipo yakaja taratibu. Mchoro wa kupaka rangi akauacha nusu: "Baba atamalizia usiku." Fundi cherehani jirani yetu alitupa vipande vya vitenge tushone mdoli, mdoli akabaki hana mkono: "Baba atamalizia usiku." Hakuwa ananisema. Aliamini tu kwamba ndivyo kazi zinavyokwenda, mtoto anaanza na mchana, baba anamaliza na usiku. Kuanzia Agosti mpaka Krismasi hakumaliza kitu hata kimoja. Wazazi, mnielewe hapa, maana najua wengi wenu mna vijiji vizima mlivyovijenga saa nane za usiku: mtoto anakuona. Usirekebishe. Hata unyasi mmoja, usirekebishe.

Kilichotuokoa ni umeme kukatika, Jumamosi moja ya mvua, simu zote ziko asilimia sita. Mdogo wake, wa miaka minne, alikuwa na ndala iliyokatika akaniuliza kama ni tairi. Nikamwambia inategemea nani anaendesha. Nilikata miduara minne kwa kisu, nikaitoboa kwa msumari wa moto, nikatafuta spoki mbili kuukuu za baiskeli ziwe ekseli. Kisha nikaondoa mikono. Ili niweze kuiondoa nilichukua sinia la mchele nikaanza kuchambua, na huo ndio ushauri wangu mkubwa kuliko wote leo: tafuta mchele. Penye moto na wembe ingia, toboa, toka, rudi kwenye mchele.

Dada mtu alikuja baada ya nusu saa, kwanza kuchungulia, halafu kusema wamekosea, halafu kukaa chini. Likawa daladala. Ubavuni aliandika BUZA – MAREKANI. Magurudumu hayalingani, kwa hiyo linakwenda kushoto tu. Njia yake ikawa kuzunguka meza ya sebuleni. Mdogo ndiye konda, ananing'inia mlangoni kwa sauti tu, maana mwili hauingii. Hakuna aliyesema baba atamalizia. Mimi nilichambua kilo mbili za mchele ambazo hazikuwa na chenga wala jiwe.

Kwa hiyo dada wa Kimara, vile vya Kariakoo weka kabatini, si vibaya, ila vinakuja vikiwa vimeshajua vinataka kuwa nini. Mpe mtoto boksi na ndala. Boksi likikataa kukunjika, bandua karatasi moja ya juu, yale mawimbi ya ndani yabaki wazi, litazunguka kama mkeka. Na usirekebishe. Nimeshasema? Nasema tena.

Uliuliza pia gundi natumia gani. Ya dukani inaisha siku moja kwa wangu, kwa hiyo napika. Vijiko vitatu vikubwa vya unga wa ngano, koroga na maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka, endelea kukoroga iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Unga wa muhogo unashika zaidi. Tia chumvi kidogo au siki isiote ukungu haraka. Paka nyembamba, anika juani. Masika haikauki, usijidanganye. Tuliwahi kuwa na twiga aliyeota manyoya ya kijani.

Na mende wanaipenda. Sisi tuliamka tukakuta BUZA imeliwa, imebaki MAREKANI. Tangu siku hiyo daladala linalala juu ya friji, na mchana mara nyingi bado liko hukohuko. Mama watoto ameshauliza mara tatu litaondoka lini, maana anataka kuweka chupa zake za chai. Nimemuuliza konda. Anasema gari halijajaa.