Begi halikimbii

Wiki hii mmeuliza: ni mchezo gani ulioanza ukiwa mtu mzima, na ungemwonya nini anayeanza leo?

Mimi ni ndondi za mateke. Nilianza nikiwa na miaka 41, katika ukumbi mdogo juu ya duka la vyuma huku Eastlands, Nairobi, na siku ya kwanza ilinitokea puani. Kocha alikuwa bado anawafunga wenzangu bandeji. Mimi kwa kiherehere nikatia glavu mikono mitupu nikalivamia begi la kupigia ngumi kana kwamba nalidai kodi. Ngumi ya tatu au ya nne, kifundo cha mkono kikapinda. Wiki tatu sikuweza kukamua nguo. "Mama, begi halikimbii," kocha akaniambia, wala hakucheka.

Basi nunua bandeji ndefu, mita nne na nusu hivi. Fupi huishia kwenye vidole kabla kifundo hakijapata kitu. Tia kitanzi kwenye kidole gumba, zungusha kifundo mara tatu, funika vifundo vya vidole, pitisha katikati ya vidole, kisha malizia pale pale kwenye kifundo. Vidole vikifa ganzi, fungua urudie. Ngumi nayo itue kwa vifundo viwili, cha kidole cha shahada na cha kati. Upande wa kidole cha mwisho mifupa ni myembamba, na huvunjika kirahisi.

Teke la kuzungusha hupigwa na miguu yote miwili. Ule uliobaki chini sharti ugeukie kwa ncha ya wayo, kisigino kimwelekee unayempiga. Usipougeuza, nyonga inazunguka na goti linabaki nyuma, na goti halikuumbwa kwa kazi hiyo. Piga kwa muundi, si kwa vidole, na lenga paja. Kichwa cha mtu kiache.

Glavu nilizipata za mtumba Gikomba, na najuta, maana sponji ilikuwa imekufa. Kinga ya meno hiyo usithubutu kuvaa ya mtu: nunua mpya, ile unayoichovya kwenye maji moto ukaiuma ikakaa kama meno yako. Oga mara tu baada ya mazoezi. Mimi mikeka ilinigawia mashilingi ya shingo, yaani choa. Na kama umetoka Mombasa juzi, usijilaumu ukihema, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari.

Kupigana na mwenzangu, kocha alinizuia miezi minne. Nilinung'unika, kisha nikamkumbuka bondia wetu wa Kenya, Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988. Mwaka 1994 alifariki kwa jeraha la kichwa baada ya pigano Las Vegas, na yule alikuwa bingwa. Ukumbi ukikutupa ulingoni wiki ya kwanza, beba kikapu chako ushuke ngazi. Ukigongwa kichwa ukasikia kizunguzungu au kichefuchefu, simama hapo hapo, umwone daktari, na usirudi mpaka akuruhusu.

Bandeji huzifua kila Jumamosi nikazianika kwenye kamba ya ploti. Mara ya kwanza jirani alizitazama zilivyoning'inia, akabisha mlango kwa upole: "Mama Brayo, pole. Nani ameungua?"